Gari ya kooperative imekosa nguvu: mbele ya kununua turbo, angalieni kwanza haya



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza nanyi juu ya mbegu, mbolea na magonjwa ya mimea. Leo tunazungumza juu ya gari. Viazi vikibaki kando ya barabara vinaoza sawasawa na vile vyenye ugonjwa, na pesa ya mbegu ikiisha kuingia ndani ya motere, haitoki tena kwenda shambani. Jambo hilo lilikuwa karibu kutupata sisi wenyewe, ndiyo sababu tunaliandika.

Kooperative moja ya viazi tunayoifuata katika vilima vya Lubero iko na Land Cruiser ya zamani, aina ya HDJ80, yenye motere ya mazutu ya silinda sita na turbo. Aina hiyo ilianza kutoka mwaka 1990. Gari imezeeka, lakini ndiyo inashusha viazi mpaka soko ya Butembo na kurudisha mbolea. Wiki chache mbele ya sezoni A, shofere akaja na habari mbaya: "Gari haiko inapanda tena. Ku usawa iko muzuri, lakini nikibeba magunia na kufika mu mulima, inalala."

Wakaipeleka garaje. Fundi akasikiliza motere dakika chache, kiisha akasema: "Turbo imekufa. Mutafute ingine." Turbo ya okazio waliyoonyeshwa ilikuwa dolari 700. Sandukuni mlikuwa na zaidi kidogo ya hiyo, na pesa yote ilikuwa ya kununua mbegu ya viazi.

Kamati ikaketi. Sisi maagronome tulikuwa pale, na inaomba tuseme ukweli: sisi pia tulikubali turbo inunuliwe. Tulifikiri kwamba bila gari hata mavuno mazuri hayatakuwa na faida. Ni mama mwenye kuchunga sanduku ndiye aliyeuliza swali ambalo sisi wenye diploma tulipashwa kuuliza: "Turbo imekufa, sawa. Lakini nani ameona maiti yake?"

Watu wakacheka, halafu wakanyamaza. Hakuna mtu aliyekuwa amefungua kitu chochote.

Kiazi kinachonyauka na gari inayolala

Swali la mama yule lilitupatisha haya, kwa sababu ndilo tunawafundisha kila siku mashambani. Kiazi kikinyauka, inaweza kuwa kiu, inaweza kuwa mdudu kwenye mizizi, inaweza kuwa mnyauko wa bakteria. Kwa kujua, tunakata kipande cha shina na kukishika ndani ya glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka, ni bakteria. Maji ikibaki safi, tunatafuta sababu ingine mbele ya kung'oa shamba. Kipimo hicho kinaomba glasi moja na dakika chache.

"Gari imekosa nguvu" ni sawa na "kiazi kimenyauka". Ni dalili tu, jina la ugonjwa bado. Basi tukaomba kamati siku mbili. Tukamwita shofere, na makanika mmoja mzee wa kijiji, tukaanza kuangalia: kwanza vitu visivyoomba pesa, mwisho vile vya bei kali.

Turbo inafanya kazi gani?

Motere inakula vitu viwili: mazutu na hewa. Moshi wake, mbele ya kutoka nje, unapita katika turbo na kuzungusha gurudumu dogo lenye mapanga. Gurudumu hilo limeunganishwa kwa chuma kimoja na gurudumu la pili, upande wa hewa, ambalo linasukuma hewa kwa nguvu ndani ya motere. Yote mawili yanaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Hewa ikiingia mingi, pampu inaweza kuongeza mazutu, na gari inapata nguvu.

Kwetu milimani kazi hiyo ni ya lazima. Kwenye metre 2,000 hewa ni nyepesi: imepungua karibu sehemu moja juu ya tano ukilinganisha na pwani ya bahari. Ndiyo maana msaada wa turbo ukikosekana, mulima unatuonyesha mara moja.

Sasa, nguvu ikikosekana, sababu inaweza kutoka pande nne: hewa haifiki vizuri, mazutu haifiki vizuri, turbo au motere yenyewe imeharibika, ao motere iko mzima lakini kuna kitu kinachoshikilia gari. Tukazifuata zote.

1. Muulizeni shofere

Shofere ndiye anaishi na gari, lakini mara mingi hakuna anayemuuliza. Tatizo lilianza lini? Kwa ghafula, ao pole pole? Ni wakati gari iko na mzigo, ao hata tupu? Ni motere ikiwa baridi, ao ikiwa moto? Ni kitu gani kilitengenezwa mbele ya hapo?

Wa kwetu alijibu kwamba ilianza kidogo kidogo, na ni paka kwenye mulima na mzigo. Motere ilikuwa inawaka vizuri asubuhi. Hakusikia sauti mpya.

2. Angalieni kama kosa ni la motere kweli

Endesheni gari kidogo, msimame, mkaribishe mkono kwenye kila gurudumu bila kugusa chuma. Moja likiwa na moto sana kupita mengine, freni yake inashika. Kwenye mulima, mkisikia motere inalia sana na gari haiongezi mwendo, ambreyaje inateleza. Makosa hayo mawili yamefanya watu wengi kununua piesi za motere bure. Kwetu, magurudumu yote yalikuwa sawa na ambreyaje ilikuwa inashika.

3. Someni moshi

Moshi mweusi wakati wa kupanda unasema kwamba mazutu ni mingi kupita hewa. Filitre ya hewa inaweza kuwa imeziba, tiyo kubwa ya hewa inaweza kuwa imepasuka, ao injektere zinamwaga ovyo.

Moshi wa rangi ya bluu unasema kwamba motere inachoma mafuta yake yenyewe, ile tunaita wile. Inaweza kutoka kwenye turbo iliyochoka, ao ndani ya silinda.

Moshi mweupe kidogo asubuhi ya baridi, unaoisha motere ikipata moto, usiwape hofu sana. Lakini ukiendelea wakati motere ni ya moto, na maji ya radiatere inapunguka, simamisheni gari: maji inaingia pahali isipopashwa kuingia.

Gari yetu ilitoa moshi kidogo tu, kama siku zote. Jambo hilo lilitufikirisha. Hewa peke yake ingekuwa imezibwa, tungeona weusi. Hapa ilionekana kwamba mazutu pia haiongezeki.

4. Hewa

Tukafungua filitre ya hewa. Vumbi ilikuwa mingi, tukaipuliza kutoka ndani kwenda inje. Musiipige kwenye jiwe, na musiioshe kama ni ya karatasi. Ikipasuka hata kidogo, vumbi inaingia kwenye turbo na kula mapanga yake. Kiisha tukashika tiyo kubwa kutoka turbo mpaka motere, tukaikunja kwa vidole na kuangalia chini yake, kwa sababu mpira unapasuka pale macho haifiki. Alama nyeusi ya mafuta inje ya tiyo mara nyingi inaonyesha pale hewa inatorokea. Hatukuona kitu.

5. Mazutu

Mazutu yetu tunanunua mingi kando ya barabara, ndani ya bidon. Inakuja na maji na uchafu. Chini ya filitre ya mazutu kuna kizibo: tukakilegeza na kuweka chupa ya plastiki. Ilitoka maji kidogo, halafu mazutu yenye uchafu. Tukaweka filitre mupya. Gari ikawa bora kidogo, lakini kwenye mulima ikalala tena. Ugonjwa mkubwa ulikuwa haujapatikana.

6. Turbo yenyewe

Hapa motere inapashwa kuwa imezimwa na imepoa kabisa, kwa sababu turbo inashika moto wa kuunguza mkono vibaya. Tukatoa tiyo upande wa hewa, tukashika chuma cha katikati kwa vidole.

Lile gurudumu linapashwa kuzunguka kirahisi. Likicheza kidogo sana kushoto na kuume, ni kawaida, mafuta inajaza nafasi hiyo motere ikiwaka. Lakini likienda mbele na nyuma, ao mapanga yakigusa ukuta, ao yakiwa yamevunjika, turbo imefika mwisho. Ukungu mwembamba wa mafuta ndani ya tiyo ni kawaida pia. Mafuta yakiwa yametuama kama maji ndani ya sahani, ni hatari.

Turbo yetu ilizunguka vizuri, mapanga yalikuwa mazima, tiyo ilikuwa karibu kavu. Yule "maiti" alikuwa anapumua!

7. Tiyo ndogo ambayo mtu haiangalii

Ni makanika mzee aliyeikumbuka. Kwenye motere hii kuna tiyo nyembamba ya mpira, inene kama kidole kidogo, kutoka njia ya hewa mpaka juu ya pampu ya mazutu. Kazi yake ni kupelekea pampu habari: "turbo inasukuma hewa, ongeza mazutu." Pampu isipopata habari hiyo, inafikiri turbo inalala na inatoa mazutu kidogo tu. Ku usawa hamutajua tofauti. Kwenye mulima na mzigo, gari inakufa nguvu, bila moshi mweusi.

Tukaitoa. Kwa macho ilikuwa nzima. Tukaziba ncha moja kwa kidole, tukaitia ndani ya beseni ya maji na kupuliza kwa mdomo, sawa vile tunatafuta tundu kwenye mpira wa baiskeli. Mapovu yakatoka karibu na ncha ya upande wa pampu. Moto wa miaka mingi ulikuwa umekausha mpira, na ufa ulikuwa unafunguka paka hewa ikisukuma. Ndiyo maana gari ilikuwa inalala tu kwenye mulima.

Shofere akakata ile ncha iliyopasuka, tiyo ikafika bado, akaifunga. Kesho yake wakabeba magunia. Gari ikapanda. Wiki iliyofuata wakanunua tiyo mupya kwa dolari 3.

Wakati wa kusimama bila kubishana

Si kila mara habari inaisha hivi. Turbo zinakufa kweli. Moshi wa bluu ukiwa mwingi na mafuta ya motere inapunguka haraka, ao mukisikia mlio mupya wa chuma kusuguana, ao motere inagonga kwa ndani, ao taa ya mafuta inawaka, musiseme "tufike Butembo kwanza". Motere ya mazutu inaweza hata kuvuta mafuta yake kupitia turbo iliyovunjika na kukimbia yenyewe bila kuzimika. Mzigo uliobaki barabarani unaweza kupata gari ingine. Motere iliyojila inagharimu sezoni mbili.

Na kwa kuchunga turbo, mambo matatu yanatosha: kubadilisha mafuta ya motere na filitre yake kila kilometre 5,000, mafuta ya aina ya motere za mazutu, asubuhi, kutokanyaga kwa nguvu mbele ya motere kupata moto kidogo, na mukiisha kupanda mulima mrefu, kuacha motere iwake pole dakika moja ao mbili mbele ya kuzima. Turbo inapozwa na mafuta. Mukizima ghafula, mafuta inasimama na kuungua ndani yake.

Kwa kamati

Hatuandiki haya kwa kumlaumu fundi wa garaje. Alisema kile alichoona mara mingi. Lakini pesa ya sanduku ni ya wanamemba, na kamati iko na haki ya kumwambia fundi yeyote: "Tuonyeshe." Piesi ya bei kali isinunuliwe mbele mtu mbili wa kamati hawajaona kwa macho ile ya zamani ikiwa imefunguliwa. Shofere pia awe na kaye moja ndani ya gari, aandike tarehe ya kila matengenezo, kilometre, na kila jambo jipya analosikia ao kuona. Kaye hiyo itamsaidia fundi kuliko kusikiliza motere dakika tano.

Katika kooperative ile, sanduku lilifunguliwa siku ya soko, kwa kazi yake. Mbegu ya viazi ilinunuliwa, ikapanda mulima ndani ya Land Cruiser ileile, na mvua ya kwanza ikaikuta imeisha kuingia udongoni. Mama mwenye kuchunga sanduku alikuja kuhesabu magunia. Mbele ya kutia sahihi, alifungua gunia moja moja na kuangalia ndani.