Kigingi cha ng'ombe huamua nyasi itakayoota

Kwenye miteremko ya Nyanchwa na kando ya barabara zinazoingia mjini Kisii, ng'ombe wengi hulishwa wakiwa wamefungwa kamba. Mashamba yamegawanywa mara nyingi na malisho ni haba. Hata hivyo, mahali kigingi kinapokaa, na kwa siku ngapi, huamua mimea itakayokuwa hapo msimu ujao.

Nyasi ya kikuyu ni ya asili katika nyanda zetu za juu, na ni nzuri kiasi kwamba mwaka 1919 ilipelekwa Australia kutoka Kongo. Hutambaa, na machipukizi yake hukaa karibu na ardhi, hivyo ng'ombe hula majani bila kuua mmea. Ili kutoa majani mapya, mmea hutumia akiba ya chakula iliyo kwenye mashina na mizizi. Ng'ombe akila chipukizi kila siku, akiba huisha, mizizi hufupika na udongo hubaki wazi. Hapo huingia mtunguja na lantana, ambayo ng'ombe huiruka. Mfugaji hulaumu mvua, ingawa Kisii hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka.

Kuna kosa jingine lisilozungumzwa sana: kuacha nyasi irefuke mno. Klova nyeupe ya Kenya, mmea mfupi wa jamii ya maharagwe, hufunikwa na kivuli na kupotea. Klova ina protini inayosaidia maziwa, na huupa udongo naitrojeni bila kununua mbolea.

Kwa hiyo lisha nyasi ikifika sentimita 15 hivi, na umwondoe ng'ombe ikibaki 5, yaani upana wa vidole vitatu. Hamisha kigingi kila siku. Wakati wa mvua ndefu nyasi hurudi haraka. Kiangazi cha Januari hukawia, kwa hiyo fuata urefu, usihesabu wiki. Wakati ukisubiri, kata nepia umpelekee zizini. Mtunguja ung'olewe na mizizi kabla haujazaa.

Kando ya barabara ndiko kugumu. Ukipumzisha nyasi, ng'ombe wa jirani ataimaliza, na kila mtu anajua hivyo. Majirani wa sehemu moja wanaweza kupatana nani alishe wapi na lini. Afisa wa ugani wa mifugo katika wadi yako anaweza kuwasaidia kupanga zamu hizo.