Saa Chache Katika Mji wa Manila

Mtu apitaye Manila, mji mkuu wa Ufilipino, huona makanisa kila upande, akadhani kwamba Uislamu haukupata kukanyaga hapo. Sivyo. Penye mlango wa mto Pasig palikuwa na mji wenye boma, jina lake Maynila, na mtawala wake alikuwa Mwislamu, Raja Sulayman, mwenye udugu na masultani wa Brunei. Wahispania waliushambulia mwaka 1570 ukateketea kwa moto, na mwaka 1571 Legazpi akaweka hapo makao ya serikali yake.

Sisi tulianzia huko, ndani ya kuta za mawe za Intramuros. Ngome ya Santiago imesimama pale pale palipokuwa boma la Sulayman. Vita vya mwaka 1945 viliangusha karibu majumba yote ya humo, na kanisa la San Agustin likasalimika.

Kisha tulivuka mto tukafika Quiapo, uliko Msikiti wa Dhahabu uliojengwa mwaka 1976. Baada ya sala tulitafuta chakula, na hapa ndipo msafiri apaswapo kuwa macho. Wafilipino ni watu wakarimu, lakini nyama ya nguruwe imeingia katika vyungu vyao vingi. Hata adobo, nyama ipikwayo kwa siki na vitunguu saumu, mara nyingi ni ya nguruwe. Basi haitoshi kuambiwa, "Huyu ni kuku." Uliza kachinjwa na nani, na kakaangwa kwa mafuta gani.

Jirani na msikiti wako Wamaranao, Waislamu wa Lanao katika kisiwa cha Mindanao, nao huuza nguo, lulu na chakula cha halali. Tulikula piaparan, kuku aliyepikwa kwa nazi na manjano, pamoja na wali na palapa, kiungo kikali cha vitunguu vya majani, tangawizi na pilipili vilivyotwangwa. Mtu wa pwani yetu hawi mgeni wa sahani hiyo.

Enyi vijana, mkisafiri msione haya kuuliza. Aulizaye habari za chakula hulinda dini yake. Na aulizaye habari za mji huwakuta ndugu zake mahali alipodhani hawapo.