Mto Sagana: Jua Pa Kutokea Kabla ya Kuingia Majini

Mtu anayepanga kushuka Mto Sagana kwa kayaki au boti ya mpira anahitaji kujua mahali pawili: pa kuingilia na pa kutokea. Wageni wengi huulizia pa kwanza tu. Hatari kubwa iko katika pa pili.

Mto huu, ambao ndio mwanzo wa Tana, hauna kasi moja. Katika sehemu inayotumiwa kwa mchezo huu karibu na mji wa Sagana, safari huanza kwa maji ya kasi ya wastani, kisha mto hutulia kwa mwendo mrefu. Utulivu huo huwadanganya wengi. Mbele yake kuna maporomoko makali kuliko yote. Asiye na ujuzi anapaswa kutoka majini kabla ya hapo, kwa kuwa mbele kingo ni za mawe na mkondo haumpi mtu nafasi ya kusimama.

Ugumu wa maji ya kasi hupimwa kwa daraja 1 hadi 6. Daraja 1 ni mawimbi madogo; daraja 6 hata mabingwa huliogopa. Hata hivyo, daraja hubadilika maji yanapoongezeka. Mto hupokea maji kutoka Mlima Kenya na Nyandarua, hivyo unaweza kufurika Sagana kukiwa na jua kali. Kuwa mwangalifu zaidi Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Maji yakibadilika rangi kuwa ya tope, au yakianza kubeba matawi, ondoka mtoni mara moja.

Je, ni nani mwenye njia ya kufika mtoni? Chini ya Sheria ya Maji ya 2016, maji ya mto ni mali ya umma. Shamba unalopitia, hata hivyo, huenda lina mwenyewe. Omba ruhusa, usikanyage mimea, na usiegeshe gari mahali wakaazi wanapoteka maji.

Kabla ya kuingia:

- Tembea kwa miguu hadi pa kutokea, uweke alama utakayoiona ukiwa majini.
- Vaa jaketi la kuokoa maisha na helmeti.
- Usiende peke yako. Tumia mwongozaji anayeujua mto.
- Mwambie mtu aliye nchi kavu saa utakayotoka.

Wazazi, wakanyeni watoto wasiwafuate wapiga makasia majini. Kukiwa na dharura, piga 999 au 112.