Mwosha Huoshwa

Mgeni mmoja aliyekaa mtaani kwetu Ng'ambo, hapa Unguja, aliniuliza swali ambalo limenikaa rohoni. Alikuwa akimwona bibi yetu mwosha maiti akipita na kikapu chake, akaambiwa kwamba tangu ujana wake huosha wanawake waliofariki na hajapokea hata senti. "Basi mbona hamjamfanyia hafla?" akauliza. "Hana hata cheti. Nyinyi hamwathamini watu wanaojitolea."

Nilimjibu kwa hasira, na jibu la hasira halifundishi kitu. Leo nimetulia.

Heshima yetu haina jukwaa. Anayetaka kuiona na akae barazani jioni, Bibi anapopita. Mazungumzo hukatika. Watoto huacha mpira wakaenda kumbusu mkono. "Shikamoo, Bibi." "Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?" Kikapu chake hakifiki kona ya pili hakijapokewa. Mwezi wa Ramadhani, kabla ya magharibi, sahani zilizofunikwa kawa humiminika kwake, hii ya tambi, ile ya kaimati, nyengine ya mihogo ya nazi, na haijarudi hata moja tupu, hata kama cha kurudishia ni tende tatu. Idi ikikaribia vijana humpakia chokaa ukuta wake, na hakuna aliyewatuma. 

Lakini hayo yote ni ya nje. Mgeni hakuijua kazi yenyewe, na jibu la swali lake limo humo.

Msiba ukitokea, Bibi huitwa kabla ya fundi wa turubai na kabla ya mpishi. Huingia chumbani na wanawake wachache, mlango ukafungwa. Wanne hushika kanga kwenye pembe, wakaitandaza juu ya maiti, ili hata wao waliomo ndani wasione lisilolazimu kuonekana. Mkono wa Bibi hufanya kazi chini ya kanga hiyo. Hulikanda tumbo polepole, akasafisha, kisha akamtawadhisha maiti kama anayejiandaa kusali. Huanza upande wa kulia, halafu wa kushoto. Maji huwa na majani ya mkunazi yaliyopondwa, na ya mwisho hutiwa karafuumaiti. Huosha mara tatu, na ikihitajika tano au saba. Nywele husukwa mikia mitatu. Ndipo huja sanda, vipande vitano kwa mwanamke, na harufu ya udi ikatoka chini ya mlango mpaka ukumbini, tukajua sisi wa nje kwamba imebaki kuaga tu.

Na muda wote huo Bibi huzungumza na maiti. "Geuka kidogo, mwanangu. Hivyo. Ahsante."

Humo chumbani ameyaona ya mtaa mzima. Ameona makovu ambayo waume hawakuyajua, na maradhi yaliyofichwa miaka. Hakuna lililotoka. Sheria ya mwosha ni moja: zuri husemwa, baya huzikwa. Mama yangu alipofariki, Bibi alitoka akanishika kichwa, akaniambia, "Mama yako alikuwa mwepesi, mwanangu." Neno hilo nililalia usiku ule, na sijamuuliza la zaidi.

Sasa niambieni, mtu huyu asimamishwe mbele ya kipaza sauti asifiwe kwa lipi? Msemaji atahesabu aliowaosha? Atawataja? Kila atakayetajwa ni mama wa mtu aliyeketi pale. Kazi ya Bibi ni sitara, na kuitangaza ni kuifunua.

Hatuchukii tuzo. Mwaka 2005 mwimbaji wetu Bi Kidude alitunukiwa tuzo ya kimataifa ya muziki ya WOMEX kwa uimbaji wake, nasi tukajiona tumetunukiwa sote. Kuimba ni kazi ya hadhara, na malipo yake ni ya hadhara. Lakini Bi Kidude alikuwa pia somo aliyewafunda wanawali, na heshima ya somo ni nyengine kabisa. Hubebwa na wari wake maisha yao yote, kila mmoja katika mwenendo wake.

Tena kuna jambo ambalo neno "kujitolea" halilifikii. Kuosha maiti ni faradhi ya kutoshelezana: wachache wakiitimiza, wote wamesalimika, wasipotokea, dhambi ni ya mji mzima. Kwa hiyo Bibi hakutupa zawadi ambayo tungemshukuru kwa cheti. Amekuwa akitulipia deni letu, na mwenye kulipiwa deni hamalizi kwa makofi.

Hapo ndipo hasira yangu kwa mgeni huyo inaponigeukia mwenyewe. Zamani nyumba zetu zilikuwa na sakafu ya udongo, ukachimbwa ufuo chini ya kitanda maji ya maiti yapite. Kijana wa nyumba akiuchimba na kuufukia, tayari alikuwa amefundishwa jambo. Leo sakafu ni ya saruji, na wengi wetu tumehamia maghorofani. Katika yale ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, jeneza huteremshwa ngazi kwa ngazi kwa kuinamishwa. Hilo tumelizoea. Tusilopaswa kulizoea ni kwamba wasaidizi wa Bibi wanaojua kuosha wamebaki wawili, na wote ni vikongwe kama yeye. Sisi tuliosoma tunatoa pesa ya sanda na udi, kisha tunakaa ukumbini na misahafu mikononi, tukisubiri mlango ufunguliwe.

Wazee walisema mwosha huoshwa. Watu huitumia methali hii kumtisha mbaya, kwamba aliyotenda yatamrudia. Mimi naisikia kama ahadi. Bibi amewaosha mama zetu kwa kuamini kwamba siku yake ikifika kutakuwa na mikono inayojua. Sahani za futari hazitamwosha, wala chokaa ya Idi. Heshima aliyotudai tangu mwanzo ni tuingie naye chumbani.

Nami nimeanza kuingia. Nimeshika pembe ya kanga mara tatu. Mara ya nne, kwa jirani wa nyumba ya pili, Bibi alinipa kata. Mkono ulinitetemeka, maji yakanimwagikia miguuni. Hakunikemea. Alinishika kiganja akakipeleka taratibu mahali pake.

"Kulia kwanza, mwanangu," akasema.