Je, wajua? Damu inapopungua, jibu laweza kuwa nyongani

Mkazi wa Majengo, Moshi, akiambiwa damu yake imepungua, kwa kawaida hupewa vidonge vya madini chuma, na mara nyingi vinamfaa. Lakini chembe nyekundu, chembe nyeupe na chembe sahani zikishuka zote kwa pamoja, cheti cha maabara huonyesha upungufu, chanzo hakionekani. Chembe hizo huzaliwa katika uboho, ule ute mzito ulio ndani ya mifupa, ambao kwa mtu mzima hutoa chembe nyekundu zipatazo bilioni 200 kila siku. Ndiyo maana uboho wenyewe hupimwa: uliogeuka mafuta matupu umeacha kuzalisha. Ukisongwa na chembe changa zisizokomaa, saratani ya damu hushukiwa mara moja. Chembe za uboho zikiwa kubwa kupita kiasi, pengine mwili umekosa vitamini B12. Na uboho ukikutwa umejaa na mzima, basi damu inaharibiwa kwingine, labda kwenye bandama iliyovimba. Kwa wagonjwa wa kala-azar, ugonjwa unaojulikana sana Baringo na Turkana nchini Kenya, vimelea vyenyewe huweza kuonekana ndani ya uboho kwa hadubini. Cheti cha damu cha wagonjwa wote hao chaweza kufanana, ilhali tiba ya mmoja haimsaidii mwingine.

Wengi hukikataa kipimo cha uboho kwa kuogopa kupooza. Hofu hiyo hutokana na kukichanganya na kipimo cha maji ya uti wa mgongo. Sindano ya uboho huingia sehemu ya nyuma ya mfupa wa nyonga, si kwenye uti huo, baada ya ganzi. Maumivu yapo, hasa sekunde chache uboho unapovutwa, na mgonjwa ana haki ya kuambiwa mapema. Wala kipimo hiki si kigeni: sindano ya kukata kipande cha mfupa bila kukivuruga ilitangazwa na Khosrow Jamshidi mwaka 1971, mwaka uleule hospitali ya KCMC ilipofunguliwa hapa Moshi.

Wanaosema kisiwe kipimo cha kwanza wako sahihi: malaria, VVU na vitamini vipimwe kabla. Ila wanaoshauri kujaribu dawa za steroidi kwanza wanakosea, kwani huweza kuzifunika kwa muda dalili za saratani ya damu, na ugonjwa ukachelewa kutambuliwa. Chembe zako za aina zote zikishuka, muulize daktari kama uboho utapimwa kabla ya kuanza steroidi.