Mpiga Teke Hujitembeza Mwenyewe

Dada yangu alinipigia simu usiku, sauti chini kama mtu anayeficha aibu ya nyumba. "Kaka, huyu mpwa wako anaviandikia vyuo barua za kujisifu. Kataja urefu wake, uzito wake, eti mguu wake wa kulia una nguvu. Nani kamfundisha kujinadi hivi?"

Namuelewa. Sisi tumekulia Tanga, na huko tuliambiwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwenye kipaji hutulia akatafutwa. Anayebisha hodi milango ya watu ana walakini. Lakini hapa Marekani, kwa nafasi anayocheza mpwa wangu, bidhaa isipotembezwa huozea ghalani.

Kijana anacheza futiboli ya Kimarekani, ile ya mpira wenye umbo la yai, na kazi yake ni moja tu: kupiga teke. Akiupitisha mpira katikati ya nguzo mbili, juu ya mwamba, timu inapata pointi 3. Wenzake wakishafunga, teke lake huongeza pointi 1. Yeye pia ndiye anayeuanzisha mchezo kwa kuupeleka mpira mbali. Basi. Wenzake wanagongana jioni nzima, yeye yuko pembeni anapasha misuli, akisubiri kuitwa kwa teke lisilozidi sekunde chache ambalo linaweza kumfanya shujaa au adui wa mji mzima.

Watoto wetu huangukia nafasi hii kwa sababu ya soka. Zamani wapigaji walikwenda moja kwa moja na kuupiga mpira kwa ncha ya kiatu. Aliyegeuza mambo ni Pete Gogolak, kijana aliyekimbia Hungaria na familia yake baada ya mapinduzi ya 1956 kuzimwa. Sekondari yake ya Marekani haikuwa na timu ya soka, akajiunga na futiboli, akawa anaukabili mpira kwa pembeni na kuupiga kwa upande wa juu wa mguu, kama sisi sote tulivyopiga uwanjani kwetu. Watu walishangaa. Mwaka 1964 akasajiliwa na timu ya kulipwa ya Buffalo Bills, na leo ni shida kumpata mpigaji anayepiga kwa namna nyingine. Waafrika nao wamo: Wanaijeria Obed Ariri na Donald Igwebuike walicheza soka katika Chuo Kikuu cha Clemson na wakawa wapigaji wa timu ya futiboli ya hapohapo. Mwaka 1985 Igwebuike alichukua nafasi ya Ariri katika timu ya kulipwa ya Tampa Bay. Wawili kutoka nchi moja na chuo kimoja wakigombea kiti kimoja.

Kiti kimoja: hapo ndipo penye kiini cha zile barua. Timu ya chuo ina wachezaji zaidi ya mia, lakini inahitaji mpigaji mmoja, pengine na wa akiba. Aliyepo akiwa mzuri, atakaa miaka minne na mlango umefungwa. Kocha hatumi watu kuzunguka nchi kumtafuta mpigaji kama anavyomtafuta mrushaji mkuu wa mpira. Anasubiri apate habari. Kwa hiyo kijana mwerevu hufungua orodha ya wachezaji wa kila chuo, akaangalia mpigaji wa sasa yuko mwaka wa ngapi. Yuko mwaka wa mwisho? Andika leo.

Na barua yenyewe iwe fupi, ipelekwe kwa kocha wa vikosi maalumu, yaani anayesimamia mateke, kwa jina lake. Jina la kijana, mwaka atakaomaliza shule, nafasi yake na wastani wa alama zake vikae kwenye kichwa cha barua pepe, kwa sababu kocha anasoma kwenye simu akiwa anatembea. Kisha urefu na uzito, teke refu alilofunga kwenye mechi, mateke ya kuanzisha mchezo yanafika yadi ngapi na yanakaa hewani sekunde ngapi. Namba ya kocha wa shule. Kiungo cha video.

Hapa kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Sekondari huruhusu mpira uwekwe juu ya kibao kidogo, na nguzo zake zimeachana futi 23 na inchi 4. Chuoni kibao hicho hakiruhusiwi kwa mateke ya pointi, mpira unapigwa kutoka ardhini, na nguzo zimeachana futi 18 na inchi 6. Karibu futi tano zimeyeyuka! Kijana anayejitapa kwa yadi 50 huku mpira ukiwa juu ya kibao hajamwambia kocha kitu. Apige kutoka ardhini, arekodiwe kwa nyuma ili mpira uonekane hadi unapotua, mateke kumi mfululizo bila kukatwa, hata lile lililokwenda kando. Mimi naamini zaidi video yenye kosa moja.

Kimya kisiwavunje moyo. Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, haziwaruhusu makocha wa vyuo vya Daraja la Kwanza kumjibu kijana kwa barua pepe au ujumbe binafsi kabla ya Septemba 1 ya mwaka wake wa tatu wa sekondari, yaani darasa la 11. Yeye kuwaandikia hakukatazwi. Dada yangu alidhani mwanawe amepuuzwa, kumbe alikuwa darasa la 10.

Fedha nazo tuziseme wazi. Vyuo vya Daraja la Tatu havitoi ufadhili wa michezo hata senti, ingawa husaidia kwa alama na kwa hali ya familia. Na hata kwenye timu kubwa, wapigaji wengi huanza bila ufadhili. Rodrigo Blankenship alijiunga hivyo na timu ya Chuo Kikuu cha Georgia mwaka 2015. Septemba 2017 teke lake la yadi 30 liliizamisha timu ya chuo cha Notre Dame 20 kwa 19, na katika chumba cha kubadilishia nguo baada ya mechi kocha akawatangazia wachezaji kwamba sasa analipiwa masomo. Miaka miwili familia ilikuwa imesubiri.

Kuhusu kampuni zinazodai mamia ya dola ili zitume barua kwa wingi kwa niaba ya mtoto wako, nina neno moja: msilipe. Barua hizo zinafanana kama sare za shule, na kocha anazitambua kwa mbali.

Mwisho wa yote ni darasani. Daraja la Kwanza linadai masomo 16 ya msingi na wastani usiopungua 2.3. Aliyesoma sehemu ya sekondari Tanzania, Kenya au Kongo atatakiwa kuleta na matokeo ya huko, na mnajua wenyewe inavyochukua muda kupata karatasi kutoka shule za nyumbani. Anzeni kuzifuatilia sasa, kijana akiwa bado darasa la 9.