Njia za Bogoria zina wenyewe

Mabasi ya shule yateremkayo Marigat na kupinda kuelekea Ziwa Bogoria aghalabu hufuata desturi moja. Wanafunzi hushuka, huwatazama heroe, huyasogelea maji moto yatokotayo ukingoni, hupigwa picha, kisha hurejea garini. Ziara ya namna hiyo si haba. Hata hivyo, walimu wenzangu, nathubutu kusema kwamba humnyima mwanafunzi nusu ya somo, na nusu hiyo imo njiani.

Bogoria si Nakuru. Nakuru mgeni hufungiwa garini kwa hofu ya simba, nyati na vifaru. Bogoria mtu huruhusiwa kwenda kwa miguu au kwa baiskeli sehemu nyingi, ziwa likiwa upande mmoja na vichaka vya migunga upande wa pili. Atembeaye hunusa magadi kabla hajaliona ziwa, huhisi ardhi ikipata joto anapokaribia chemchemi, na akibahatika, humwona tandala mkubwa mwenye pembe za kujisokota akisimama kimya baina ya mawe. Abiria wa basi hayapati hayo.

Lakini ni nani aliyezitoboa njia hizo? Mabango hayasemi. Waendorois, wafugaji wa jamii ya Wakalenjin, walizipita kwa vizazi na vizazi wakipeleka mifugo kulamba chumvi na kwenda kwenye mahali pao pa matambiko kando ya ziwa. Wahenga walinena kwamba njia ya siku zote haina alama. Mwaka 1973 serikali ilitangaza eneo hilo kuwa hifadhi, na kuanzia hapo wenye njia wakaanza kuondolewa.

Hapa naomba msomaji aniwie radhi, kwani mwanaisimu hawezi kulipita neno bila kuligeuza. Tumelipokea "hifadhi" kutoka Kiarabu likiwa na maana mbili: kulinda kitu kisiharibike, na kukiweka moyoni, kama mwanafunzi anavyohifadhi shairi. Bogoria tuliitimiza maana ya kwanza na kuitupa ya pili. Wanyama walilindwa, ilhali waliokuwa wamelihifadhi ziwa vichwani mwao waliwekwa nje ya lango. Katika Kinandi, ambacho ni ndugu wa lugha ya Waendorois, neno "oret" humaanisha njia, na neno hilo hilo humaanisha ukoo. Kwa watu wenye lugha ya namna hiyo, kufungiwa njia si jambo la miguu pekee.

Waendorois hawakunyamaza. Mashtaka yao yalifika mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na uamuzi ukatangazwa mwaka 2010: warejeshewe ardhi ya mababu zao, na waruhusiwe kulifikia ziwa bila kizuizi kwa ibada na malisho. Uamuzi huo husomwa katika vitivo vya sheria kote duniani. Utekelezaji wake haujakamilika hadi leo. Mwaka 2011 ziwa hilo, pamoja na Nakuru na Elementaita, liliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia, na Tume hiyo hiyo ikalalamika kwamba Waendorois hawakushirikishwa ipasavyo. Ni ajabu kuutangazia ulimwengu urithi bila kuwauliza warithi!

Majina nayo yana kisa chake. Katika ramani za wakoloni ziwa hili liliitwa Hannington, kwa heshima ya askofu Mwingereza aliyefika huko mwaka 1885 na kuuawa Busoga mwaka huo huo. Mgeni wa safari moja alipewa ziwa zima. Jina Bogoria limerejea, lakini vilima, vijito na chemchemi vina majina mengi ambayo ramani zetu hazijayaandika.

Basi mwalimu afanyeje? Aliache basi langoni, amtafute kiongozi aliyezaliwa huko, na waende kwa miguu polepole. Kila mahali pauliziwe jina na sababu ya jina, na wanafunzi waandike wasikiavyo, kisha wabishane kuhusu tahajia. Hapo pana somo la lugha, la jiografia, la historia na la uraia kwa saa tatu tu, na gharama yake ni jasho na chupa ya maji.

Tena wasikawie. Tangu mwaka 2010 hivi maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakifura, na Bogoria limekwisha kumeza sehemu za barabara ya ukingoni, lango la Loboi na baadhi ya chemchemi zilizokuwa zikirusha maji juu. Vijia vya zamani vya mifugo vilivyoshuka hadi kwenye magadi vimo humo pia. Mzee anayeweza kusimama juu ya kilima, akaelekeza fimbo majini na kusema hapa paliitwaje, bado yupo.